Kwa nini malaria humrudia mtu yuleyule ilhali kimelea ni cha spishi moja?

Mwalimu wa Mafinga

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha Biolojia kidato cha tano na cha sita hapa Mafinga, na darasa langu limenibana kwa swali ambalo kitabu cha kiada kinalipita juu juu. Tulikuwa kwenye mada ya kinga ya mwili, na nilikuwa nimeeleza kwamba mtoto akiugua surua akapona, kwa kawaida haugui tena surua maisha yake yote. Mwanafunzi mmoja ambaye kwao ni Kyela akauliza: mbona wadogo zake huugua malaria kila masika, wakati tunaambiwa kwamba karibu malaria yote nchini husababishwa na spishi moja tu, Plasmodium falciparum? Kama adui ni yuleyule, kwa nini mwili haumkariri?

Nilimjibu kwamba vimelea hutofautiana kijenetiki hata ndani ya spishi moja, lakini ningependa kujua tofauti hizo ni kubwa kiasi gani na zinazaliwa wapi. Lipo pia jambo la nyumbani linalogusa swali hilo. Mdogo wangu huteremka Mlimba msimu wa mavuno ya mpunga. Safari hii aliugua kulekule, akapewa dawa mseto ya malaria iitwayo ALu, akapona na kuendelea na kazi. Baadaye alipanda treni ya TAZARA hadi Makambako, akafika nyumbani, na zikiwa zimepita kama wiki tatu tangu amalize dozi, homa ikamrudia. Kwenye duka moja la dawa alipimwa kwa kipimo cha haraka, mstari ukaonekana, akaambiwa kwamba dawa imegoma. Je, inawezekana kujua kama dawa ndiyo iliyoshindwa, au ni vimelea vingine kabisa?

Hadubini

Mwalimu, nafanya kazi ya maabara hapa Mbeya, nitaanza na swali la darasani.

Kirusi cha surua kina sura ambayo kinga huitambua popote duniani, na ndiyo maana chanjo iliyotengenezwa miongo mingi iliyopita bado inafanya kazi hadi leo. Falciparum haiendi hivyo. Kimelea kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hutengeneza protini iitwayo PfEMP1 na kuichomoza kwenye ngozi ya chembe hiyo, ili chembe ing'ang'anie kwenye kuta za mishipa midogo isipelekwe kuchujwa kwenye wengu. Protini hiyo ndiyo inayoonekana na kinga, na ndiyo inayoshambuliwa. Hata hivyo kila kimelea kina jeni takriban 60 za kutengeneza protini ya namna hiyo, ambazo huitwa jeni za var, na hutumia moja tu kwa wakati mmoja. Kinga inapokaribia kuwamaliza wenye sura ya kwanza, wachache waliokwisha kubadili jeni wanaendelea kuzaana. Mgonjwa anaweza kukaa na ukoo mmoja wa vimelea, yaani vimelea vyenye vinasaba vilevile, kwa miezi akiwa hajatibiwa, homa ikipanda na kushuka.

Hayo ni ya kimelea kimoja tu. Ukichukua kimelea kingine kutoka kwa jirani, zile jeni zake 60 kwa sehemu kubwa si zilezile. Nyingi ya jeni hizo zimekaa karibu na ncha za kromosomu (falciparum ina kromosomu 14), na sehemu hizo hukatika na kuungana upya kwa urahisi kuliko sehemu za katikati. Kwa hiyo mtoto wa Kyela anapougua mara ya pili, mwili wake haujasahau kitu; unakutana na sura ambazo haujawahi kuziona. Baada ya miaka mingi ya kuugua hujikusanyia akiba ya kinga inayomwepusha na malaria kali, ingawa haimzuii kubeba vimelea. Mtu wa Makete anayeteremka bondeni akiwa mtu mzima hana akiba hiyo, na wauguzi wa kule chini wanajua jinsi wageni wa kutoka milimani wanavyougua vibaya.

Ama mahali tofauti hizo zinapozaliwa: chanzo cha kwanza ni makosa madogo ya kunakili vinasaba kila kimelea kinapogawanyika, na katika mwili wa mgonjwa mmoja wanaweza kuwamo mabilioni ya vimelea vinavyogawanyika kila baada ya saa 48. Chanzo cha pili, ambacho wanafunzi wengi hawakitarajii, ni mbu. Ndani ya mwanadamu kimelea kina seti moja tu ya kromosomu na huzaana bila kujamiiana. Kujamiiana hufanyika ndani ya tumbo la mbu jike wa Anofelesi muda mfupi baada ya kunyonya damu. Mbu akimuuma mtu mwenye koo mbili tofauti, gameti (chembe za uzazi) za ukoo mmoja zinaweza kurutubisha za ukoo mwingine, na vimelea vitakavyofika kwenye mate yake vitakuwa mchanganyiko mpya. Waeleze wanafunzi wako wafikirie mahindi ya njano na meupe yaliyopandwa shamba moja: punje za gunzi moja zinavyotoka na rangi zilizochanganyika, ndivyo vimelea vinavyozaliwa ndani ya mbu huyo vinavyotoka na jeni zilizochanganyika.

Hili lilithibitishwa maabara mwaka 1987, koo mbili zilipochanganywa kwa makusudi ndani ya mbu. Jambo la kutufurahisha sisi Watanzania ni kwamba ushahidi wa shambani ulipatikana karibu nasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikwenda kijiji cha Michenga, karibu na Ifakara, wakapasua matumbo ya mbu wa kule na kupima vifuko vya vimelea kimoja kimoja. Walikuta kwamba uzao wa kuchanganya koo ni jambo la kawaida kabisa katika kijiji chenye malaria nyingi. Papua New Guinea, ambako mtu alikuwa akibeba koo chache zaidi kwa wakati mmoja, ilionekana kinyume chake: vimelea vingi vilijirutubisha vyenyewe kwa vyenyewe.

Mama Ipinda

Asante kaka Hadubini. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya wajawazito huku Kyela, na ningependa kuongeza jambo moja ambalo linaonekana wazi kazini. Mwanamke aliyezaliwa na kukulia huku, ambaye malaria ilikuwa imemzoea, anapata mimba ya kwanza na ghafla anaugua kama mgeni. Sababu yake ipo katika hizohizo jeni za var. Moja kati yao, VAR2CSA, hutengeneza protini inayonata kwenye kondo la nyuma. Mwanamke ambaye hajawahi kuwa na kondo hajawahi kuwapa vimelea vya namna hiyo mahali pa kukaa, kwa hiyo kinga yake haijakutana navyo. Mimba ya pili na ya tatu huwa na nafuu, kwa sababu sasa mwili unavitambua. Ndiyo maana tunasisitiza chandarua na dawa ya SP kwa kila mjamzito, na zaidi kwa huyu wa uzazi wa kwanza ambaye mama mkwe anamwambia kwamba "malaria ya huku umeizoea."

Nina swali pia. Tunasikia kwamba kimelea kingine cha malaria, ovale, nacho kipo, na kwamba siku hizi kinahesabiwa kuwa spishi mbili. Hizo mbili zinatofautianaje kama kwenye hadubini zinafanana?

Mnyalukolo

Kamwene. Ninasoma shahada ya uzamili na kazi yangu ni ya vinasaba vya vimelea, hivyo naomba nimjibu mama kwa ufupi kisha nirudi kwa mdogo wake Mwalimu.

Ni kweli, mama. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba kile kilichokuwa kikiitwa Plasmodium ovale ni spishi mbili, curtisi na wallikeri. Zinaishi katika nchi zilezile, hata ndani ya mgonjwa mmoja zinaweza kukutana, lakini hazizaani. Hakuna anayeweza kuzitenganisha kwa jicho. Kinachozitenganisha ni kipimo cha vinasaba. Zote mbili, kama spishi nyingine iitwayo vivax, zinaweza kujificha kwenye ini na kuzuka baada ya miezi. Malariae, spishi nyingine tena, ndiyo ile ya mzunguko wa saa 72. Vivax ni nadra kwetu kwa sababu wengi wetu hatuna alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, ambayo kimelea hicho huitumia kama mlango. Huko inakotawala, tofauti za vinasaba vyake ni kubwa kuliko za falciparum, jambo linalowashangaza wengi. Falciparum ilitoka kwa gorila wa Afrika na waliovuka kuingia kwa binadamu walikuwa wachache, kwa hiyo ni spishi changa ndani yetu, na ukiacha jeni zile zinazotazamana na kinga, sehemu kubwa ya jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, hufanana sana.

Sasa Mwalimu. Kwanza uweke kando lile la duka la dawa. Kipimo cha haraka kinachotumika zaidi hakioni kimelea chenyewe. Kinanasa protini iitwayo HRP2 ambayo falciparum huimwaga kwenye damu, na protini hiyo inaweza kubaki kwa wiki kadhaa baada ya vimelea vyote kufa. Mstari kuonekana wiki tatu baada ya dozi si ushahidi wa usugu wa dawa. Mgonjwa wa namna hiyo anatakiwa apelekwe kituoni, achukuliwe damu na kuangaliwa kwa hadubini, kwa sababu homa yake inaweza pia kuwa ya ugonjwa mwingine kabisa.

Tuseme hadubini imeona vimelea. Hapo ndipo swali lako linapokuwa la vinasaba. Katika majaribio ya ubora wa dawa, mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 28 au zaidi, na huchukuliwa tone la damu kwenye karatasi chujio siku ya kwanza, kisha jingine siku homa inaporudi. Tone hukaushwa na kufungwa kwenye mfuko wenye vijipakiti vya kufyonza unyevu. Huku kwenu Kyela, mama, karatasi isiyokauka vizuri huota ukungu na sampuli imekwisha. Maabara hutoa vinasaba kwenye tone hilo na kukuza vipande vya jeni ambazo urefu wake hutofautiana kutoka ukoo hadi ukoo, hasa MSP1 na MSP2. Vipande hukimbizwa kwenye jeli kwa umeme, na vifupi hutangulia. MSP2 ina familia mbili kubwa, ile ya 3D7 na ile ya FC27, na ndani ya kila familia urefu hutofautiana.

Ukiona siku ya kwanza mistari mitatu na siku ya kurudi mstari mmoja usiolingana na wowote kati ya ile mitatu, hayo ni maambukizi mapya. Ukilingana, unashuku kwamba ukoo ule ulinusurika dawa. Nasema unashuku kwa sababu mahali penye malaria nyingi mtu anaweza kuumwa tena na mbu mwenye ukoo unaofanana kwa bahati, na pia kwa sababu ukoo mdogo uliokuwamo siku ya kwanza unaweza usionekane kwenye jeli, ukajitokeza baadaye kama mgeni. Ndiyo maana haitumiki jeni moja peke yake.

Kwa habari ulizotoa, mdogo wako alimaliza dozi akabaki Mlimba akivuna. Aliendelea kuumwa na mbu, na lumefantrini iliyomo kwenye ALu hupungua mwilini siku hadi siku. Mimi ningefikiria maambukizi mapya kabla ya kufikiria usugu. Muulize pia kama alimeza dozi zote sita na kama alizimeza baada ya kula chakula chenye mafuta, maana bila mafuta lumefantrini hainyonywi vizuri tumboni.

Mkulima wa Igurusi

Nimesoma yote kwa makini, vijana wangu, na nawapongeza kwa elimu. Lakini mimi ni mtu wa mashamba ya mpunga hapa Usangu na nimeona miradi mingi ya kuchukua damu kwenye karatasi. Wanakuja, wanachoma vidole vya watoto, wanaondoka na karatasi zao, na sisi tunabaki na mbu wetu. Kujua kwamba mtoto ana koo tatu au tano kunamsaidia nini, ikiwa dawa atakayopewa ni ileile? Fedha hizo si zingenunua vyandarua?

Mnyalukolo

Shikamoo mzee. Kwa mtoto mmoja aliyelala kitandani, ni kweli kabisa, hakuna kitakachobadilika. Atapewa ALu bila kujali koo zake. Hata malalamiko yako kuhusu majibu kutorudi vijijini nayaunga mkono. Lakini dawa utakayopewa wewe na wajukuu wako miaka kumi ijayo inaamuliwa na karatasi hizo, na mfano wake unaukumbuka mwenyewe, kwa sababu umemeza klorokwini.

Usugu wa klorokwini hauzaliwi kila mara upya ndani ya kila mgonjwa. Jeni iitwayo pfcrt, iliyo kwenye kromosomu ya 7, ilibadilika huko Kusini-Mashariki mwa Asia, na kizazi cha vimelea vyenye badiliko hilo kikasafiri hadi Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa kuwa dawa iliua wengine wote, kizazi hicho kikaenea. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 na kuhamia SP, kisha ALu. Jirani zetu wa Malawi, hapo ng'ambo ya Mto Songwe, walikuwa wameiacha tangu 1993. Baada ya miaka kadhaa bila dawa hiyo, vimelea vyenye usugu karibu vikatoweka nchini kwao, na jaribio lililofanywa kule likaonyesha kwamba klorokwini ilikuwa imerudia nguvu yake.

Watu wengi walidhani kwamba vimelea sugu vilibadilika na kurudi hali ya zamani. Vinasaba vikaonyesha vingine. Vimelea vilivyorudi havikuwa na nasaba moja. Vilikuwa vya koo nyingi tofautitofauti, yaani wachache wasio sugu waliokuwa wamesalia hapa na pale ndio waliozaana tena na kuchukua nafasi. Laiti wangekuwa wamekwisha wote, usugu usingeondoka. Binafsi naona hilo ndilo somo kubwa kuliko yote katika fani hii: wingi wa koo ni tatizo kwa kinga na kwa chanjo, lakini kwa dawa umewahi kutuokoa.

Sasa tunaitegemea artemisinini, jamii ya dawa iliyomo pia kwenye ALu. Alama za usugu wake hutafutwa kwenye jeni ya kelch13, na badiliko liitwalo 561H lilionekana Rwanda, likathibitika kuwa limezaliwa hapahapa Afrika bila kuletwa kutoka Asia. Baadaye uchunguzi ulioongozwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ulilikuta pia mkoani Kagera, zaidi wilayani Karagwe. Karatasi za Usangu ndizo zitakazosema kama limefika kwetu kabla ya watu kuanza kufa. Karatasi hizohizo hutazama kama vimelea vimepoteza jeni ya HRP2 niliyoitaja, maana vikiipoteza kipimo cha haraka kitasema mtu hana malaria wakati anaumwa. Eritrea ililazimika kubadili vipimo kwa sababu hiyo. Kwetu bado ni nadra, na Shirika la Afya Duniani linataka nchi ibadili kipimo pale upotevu huo unapoficha asilimia 5 au zaidi ya wagonjwa.

Mkulima wa Igurusi

Marahaba. Hapo kwenye klorokwini umenigusa, ilikuwa inatuwasha mwili mzima. Basi waje, lakini warudi na majibu.

Mwalimu wa Mafinga

Nawashukuru wote. Mdogo wangu amekwenda kituoni, kumbe hadubini haikuona kimelea hata kimoja. Sasa anatibiwa homa ya matumbo. Nimebakiwa na swali moja la mwisho ambalo darasa litaniuliza kesho bila shaka. Sisi wa Iringa na Njombe tunaambiwa tuko kwenye maeneo ya maambukizi ya chini sana. Je, vimelea vichache tulivyo navyo ni vya aina yetu, na chanjo mpya zinafanya kazi kwa koo zote?

Hadubini

Mwalimu, huku juu baridi yenyewe ni kizuizi. Joto likiwa chini ya takriban nyuzi 18, falciparum haiwezi kukamilisha ukuaji wake ndani ya mbu kabla mbu hajafa. Kwa hiyo wagonjwa wengi wa mji kama Mafinga au Njombe ni watu waliotoka Kilombero, Kyela, Usangu, au tarafa zenye joto za Iringa kama Pawaga na Idodi. Panapokuwa na maambukizi machache ya hapohapo, mgonjwa hubeba ukoo mmoja, mbu hupata gameti za ukoo mmoja, na vimelea vya mtaa mzima hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Ukikuta katika mtaa huo mgonjwa mwenye koo nne zisizohusiana, uwezekano mkubwa amesafiri. Njia hiyo ya kupima undugu wa vimelea ilitumika Zanzibar, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba vimelea vya visiwani bado vina undugu wa karibu na vya pwani ya bara, licha ya visiwa hivyo kupunguza malaria kwa kiasi kikubwa.

Kuhusu chanjo, RTS,S na R21 zote zimetengenezwa kwa kufuata protini ya ngozi ya kimelea iitwayo CSP, ya ukoo mmoja tu, 3D7. Ukoo huo unatokana na vimelea vya mgonjwa aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol nchini Uholanzi, ambaye hakuwa amesafiri, hivyo inadhaniwa aliumwa na mbu aliyeshuka na ndege kutoka Afrika. Vimelea vya watoto waliokuwa kwenye jaribio kubwa la RTS,S, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe, vilisomwa vinasaba. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, katika mwaka wa kwanza chanjo ilikinga kwa takriban asilimia 50 dhidi ya vimelea vilivyolingana na 3D7, na kwa takriban asilimia 33 dhidi ya visivyolingana, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vingi zaidi.

Darasa likiuliza kwa nini basi haitengenezwi chanjo yenye koo nyingi, waambie inajaribiwa, na ugumu ni kuchagua zipi.